Gesi tuliyoiita hewa

Sauti ya gesi ikitoka kwenye paipu naitambua hata nikiwa chumba cha pili. Huanza kwa mshindo mdogo, ikawa mluzi, kisha mluzi ukashuka taratibu mpaka ukafa. Ukisogea karibu utaona ukungu mweupe kwenye mdomo wa paipu, na shaba yenyewe imeota barafu nyembamba kama chumvi iliyonyunyizwa. Gesi haina rangi. Harufu yake ni hafifu mno, na unachonusa zaidi ni oili ya kompresa. Baada ya dakika mbili tatu hakuna kitu. Fundi anawasha moto wa kuchomelea na kazi inaanza.

Ndivyo nilivyofundishwa. Nina miaka 26 katika ufundi wa friji na viyoyozi, na kwa miaka kama kumi ya mwanzo, kila nilipotaka kubadilisha kompresa au kuziba tundu, hatua ya kwanza ilikuwa kulegeza valvu na kusubiri mluzi uishe. Fundi mkuu aliyenipokea alikuwa mtu makini sana. Hakuwahi kuondoka kwa mteja akiwa amebakisha skrubu hata moja, na kila paipu aliyoichomea aliifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Lakini ikifika gesi, kauli yake ilikuwa moja: "Toa hewa, tuanze." Imenichukua miaka mingi kulisikia neno hilo vizuri. Tulipokuwa tukijaza, kile kitu tulikiita gesi. Tulipokuwa tukikimwaga, tulikiita hewa. Kikiwa mtungini kinapimwa kwa gramu na kulindwa kama dhahabu. Kikitoka nje ya paipu kimekuwa hewa tu, na hewa ina mwenyewe?

Naandika haya kwa sababu ya swali la kijana ninayemfundisha kazi. Juzi tulikuwa tunashusha kiyoyozi cha zamani, mashine ya kuvuta gesi inanguruma, yeye ameshika mpira, mimi naangalia geji. Akaniambia, "Mzee, gesi hii haina rangi, haiwaki, na haijamuua mtu. Kwa nini tunahangaika nayo nusu saa nzima?" Nilimjibu kwa maneno machache palepale juu ya ngazi, lakini nilipofika nyumbani nikaona jibu lile halikumtosha. Mimi mwenyewe kuna wakati lisingenitosha.

Nikaenda kutafuta daftari. Nina tabia ya kuandika kila kazi ninayofanya: tarehe, aina ya mashine, tatizo, nilichotumia. Nikachukua la mwaka mmoja wa ujana wangu, kabla sijawa na mashine ya kuvuta gesi. Viyoyozi 143. Kati ya hivyo, 61 nilifungua mfumo wa gesi. Karibu vyote vilikuwa vya R-22, gesi iliyokuwa ya kawaida kwenye viyoyozi, na vya ukubwa ule huwa na kilo moja hivi, vingine zaidi. Baadhi vilinifikia vimeshavuja, ila gesi yake nayo ilikwenda kulekule. Basi tuseme kilo 61.

Kilo moja ya R-22 ikishaingia angani, katika kipindi cha miaka 100 huongeza joto sawa na kilo 1,810 za hewa ukaa. Nikazidisha kwa kalamu, nikarudia kwa simu kwa sababu sikuiamini kalamu: 110,410. Tani 110. Gari la kawaida la abiria, kwa makadirio ya idara ya mazingira ya Marekani, hutoa tani 4.6 kwa mwaka. Maana yake mwaka ule mikono yangu miwili ilifanya kazi ya magari 24. Sikuwa na gari. Nilikuwa na baiskeli na mkoba wa spana, na jioni nilikuwa nikienda kulala nikijiona mtu asiye na deni kwa dunia.

Sasa, kwa nini kitu kidogo hivyo kina nguvu hivyo? Hapa ndipo ninapopenda kukaa, maana nilipoelewa jambo hili ndipo kazi yangu ilipobadilika.

Jua linaipasha dunia joto, na dunia hulirudisha joto hilo angani kwa miale ya infraredi ambayo macho hayaioni. Njiani miale hiyo hukutana na mvuke wa maji na hewa ukaa, na sehemu yake hunaswa. Hilo wengi wetu tumelisikia. Ambalo halisemwi sana ni kwamba mvuke na hewa ukaa havizibi kila mahali. Kuna urefu fulani wa miale, kati ya mikromita 8 na 12 hivi, ambao hewa safi huuachia upite karibu wote. Wanasayansi hupaita hapo dirisha la anga. Ndipo dunia inapopumulia.

Gesi zetu za friji zimejengwa kwa kaboni iliyoshikana na florini, nyingine na klorini pia. Mshikamano wa kaboni na florini hutikisika kwa mapigo yaleyale ya miale inayopita kwenye dirisha hilo. Kwa hiyo haziongezi tu unene wa blanketi lililokuwepo, zinaziba dirisha lililokuwa wazi. Na kwa kuwa mshikamano huo ni mgumu kuvunjika, zinakaa hukohuko muda mrefu. R-12, gesi ya friji za zamani, hudumu angani miaka 100 hivi, na kilo yake moja ni sawa na kilo 10,900 za hewa ukaa. Ugumu huohuo ndio tuliousifu miaka yote: haiozi, haili shaba, haichafui oili. Sifa iliyofanya iwe gesi bora ndani ya paipu ndiyo iliyofanya iwe balaa nje yake.

Zilitokaje hizi gesi? Friji za mwanzo zilitumia amonia, salfa dayoksaidi na metili kloridi, na zikivuja ndani ya nyumba watu walikufa usingizini. Mwaka 1928 mkemia wa Marekani, Thomas Midgley, na wenzake wakapata kundi jipya la gesi. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wakemia wenzake, akavuta gesi hiyo kifuani, akaipuliza polepole juu ya mshumaa na mshumaa ukazimika. Haina sumu, haiwaki. Ninaielewa furaha ya siku ile. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya baridi vya amonia na najua koo linavyobana ukisikia harufu yake kidogo tu. Mtu aliyewaondolea watu hofu hiyo alistahili kupigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza gesi isiyokufa huenda wapi.

Jibu lilianza kuja mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha kwamba gesi hizo hupanda mpaka juu sana, miale mikali ya jua ikazivunja, na klorini inayotoka ikaanza kuitafuna ozoni, tabaka la juu linalotukinga na miale hiyo mikali. Mwaka uliofuata, 1975, Veerabhadran Ramanathan akaonyesha kwamba gesi hizohizo zinanasa joto pia. Huwa naufikiria sana mwaka huo. Mambo yote mawili yalijulikana karibu kwa pamoja, lakini dunia ilishughulikia kwanza lile la ozoni, na hilo la joto likasubiri miongo minne kupata mkataba wake. Mwaka 1985 Joe Farman na wenzake wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Miaka miwili tu baadaye, Septemba 16, 1987, Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuondoa gesi zinazoharibu ozoni, ikasainiwa. Miaka miwili! Ninaposikia watu wakisema binadamu hawawezi kukubaliana juu ya anga, huwa nawatajia hiyo. Leo kila nchi imeiridhia, na makadirio ya wanasayansi ni kwamba tundu la ozoni la Antaktika litarudi hali ya mwaka 1980 kufikia 2066 hivi.

Lakini kwenye karakana tulipokea habari nusu. Mitungi ya R-134a ilipokuja, ilikuja na sifa kwamba haidhuru ozoni. Ni kweli, haina klorini. Sisi tukasikia "haidhuru", tukaishia hapo. Nakumbuka nikiimwaga bila wasiwasi kabisa, na bora zamani kidogo nilikuwa na wasiwasi. Kumbe kilo yake moja ni kilo 1,430 za hewa ukaa. R-410A, iliyokuja kuchukua nafasi ya R-22 kwenye viyoyozi, ni 2,088, yaani kwa upande wa joto ni mbaya kuliko ile iliyoondolewa.

Hilo ndilo lililowakutanisha wajumbe Kigali, na Oktoba 15, 2016 wakapitisha marekebisho ya Itifaki ya Montreal ili kupunguza kundi hili la haidrofluorokaboni kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka 30. Yakianza kutekelezwa kikamilifu yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne hii. Nusu nyuzi, kwa gesi za friji peke yake. Marekebisho hayo yameanza kazi Januari 1, 2019.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Mikataba hii inabana utengenezaji na uuzaji. Inahesabu kilo zinazotoka kiwandani na zinazovuka mipaka. Haiwezi kuhesabu zile ambazo tayari zimo ndani ya mashine, kwenye kuta, juu ya mapaa, chini ya viti vya magari, nyuma ya vioo vya maduka. Gesi hiyo haimdhuru yeyote ikiwa imo ndani. Inaweza kukaa humo miaka 20 bila kuongeza hata chembe ya joto angani. Siku yake ya hatari ni siku inapovuja, au siku fundi anapokuja na spana. Hapo hayupo waziri wala mwanasayansi. Yupo mtu mmoja, jua linamchoma, mteja anauliza itachukua muda gani, na valvu iko mbele yake.

Na kuvuja kwenyewe mara nyingi tunakusababisha sisi. Nitaeleza kisa kimoja.

Niliitwa kwenye ofisi fulani kuangalia kiyoyozi cha R-410A ambacho "kila mwaka gesi inaisha". Mwenye ofisi alikuwa mama mtu mzima, mwenye utaratibu, amehifadhi kila risiti. Akanionyesha: miaka minne, mafundi watatu tofauti, kila mwaka wameongeza gramu 600 hivi. Mashine yenyewe ikijaa ni kilo 1.2. Alidhani gesi hutumika kama mafuta ya gari, na hakuna fundi aliyemwambia vinginevyo. Nikamwambia, "Mama, gesi ya kiyoyozi haitumiki. Inazunguka tu, inachemka upande huu na kuwa maji upande ule, ileile miaka yote. Ikipungua, kuna pahala inatokea." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini basi walimwongezea. Sikuwa na jibu zuri. Kuongeza ni dakika 20, kutafuta tundu inaweza kuwa siku nzima.

Nikavuta gesi iliyobaki yote, nikajaza naitrojeni, nikafunga, nikasoma geji na kuandika namba. Baada ya saa moja sindano ilikuwa imeshuka kidogo sana, upana wa unywele. Nikachanganya sabuni na maji mazito, nikapaka kila kiungo kwa brashi ndogo. Viungo vya ndani, hakuna. Koili, hakuna. Nje, kwenye nati ya paipu kubwa, nilisubiri karibu dakika nzima. Kikatokea kiputo kimoja, kidogo kuliko kichwa cha pini. Kikakua, kikapasuka. Kikaja kingine. Nilipofungua nati nikaona ufa kwenye ule mdomo uliotanuliwa wa shaba, mstari mwembamba unaoonekana tu ukiuelekeza kwenye mwanga. Mtu aliyefunga mashine ile siku ya kwanza alikaza kupita kiasi, kwa spana ya kawaida na nguvu za bega, akidhani kukaza sana ndiyo kuzuia.

Nikaukata mdomo ule, nikasafisha kingo ili vipande vya shaba visiingie ndani, nikatanua mpya, nikaupaka tone la oili, nikakaza kwa spana ya kupimia nguvu mpaka ikalia. Naitrojeni tena, usiku mzima safari hii. Asubuhi sindano ilikuwa palepale. Pampu ya vakumu saa moja na nusu kuondoa hewa na unyevu, kisha gesi kwa mizani, gramu 1,200 kamili. Ile iliyovuja kwa miaka minne ilikuwa kilo 2.4, yaani tani tano za hewa ukaa. Kwa lugha ya petroli, ni kuchoma lita 2,000 na ushei. Kupitia ufa ambao huwezi kuuona bila mwanga.

Kwa hiyo mtu akiniuliza teknolojia gani ya kijani ninayoiamini zaidi, jibu langu la kwanza ni kiungo kisichovuja. La pili ndiyo gesi zenyewe.

Upande wa gesi mpya nina msimamo, na sifichi. Kwa mashine ndogo, napendelea gesi za asili: isobutani, yaani R-600a, kwenye friji za nyumbani, na propani ya kupozea, R-290, kwenye majokofu ya maduka na baadhi ya viyoyozi. Nguvu yake ya kuongeza joto haifiki hata 5, na haina klorini wala florini. Ni hidrokaboni za jamii ya gesi ya kupikia, zimesafishwa tu zaidi. Friji ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa watu wengi ilitoka Ujerumani mwaka 1993, baada ya shirika la mazingira la Greenpeace kushirikiana na kiwanda cha huko ambacho kilikuwa karibu kufungwa. Makampuni makubwa yalisema ni hatari, haitafika popote. Leo friji mpya za nyumbani duniani kwa sehemu kubwa zinatumia hiyohiyo, gramu 50 au 60 tu.

Inawaka, ndiyo. Kijana wangu huyu aliiogopa mwanzoni, nami nikafurahi kwamba anaiogopa. Ukiwa na R-290 huwashi moto wa kuchomelea kwenye mfumo wenye gesi, hata kidogo. Unafungua madirisha, unaondoa kila kitu chenye cheche, unaweka kipima gesi sakafuni kwa sababu ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Unapitisha naitrojeni ndani ya paipu kabla ya kuchomea. Na hujazi kwa kukisia, unapima. Mwaka 2019 kiwango cha kimataifa cha majokofu ya biashara kiliongeza ukomo kutoka gramu 150 hadi gramu 500 kwa mfumo mmoja, na hilo limefungua milango mingi. Fundi aliyefundishwa vizuri anafanya kazi hiyo kwa amani. Asiyefundishwa asiguse, na simwonei haya kumwambia.

R-32 naiona kama ngazi ya katikati. Ni 675, theluthi moja ya R-410A, na mashine zake hutumia gesi pungufu. Kwa viyoyozi vikubwa kidogo vya majumbani ndiyo tunayoipata kwa wingi, basi tuifanyie kazi kwa uangalifu. Zile za kundi jipya, kama R-1234yf ya kwenye magari, hazidumu angani, siku chache tu zinavunjika. Lakini R-1234yf ikivunjika hugeuka kuwa asidi ya trifluoroasetiki (TFA), asidi yenye florini ambayo haiozi, inashuka na mvua na kukusanyika kwenye maji. Mtu aliyeona R-12 ikisifiwa, kisha R-22, kisha R-134a, atanisamehe nikisema naingoja kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi tunalisahau kabisa, nalo ni povu. Zile kuta nene za friji ya zamani zimejazwa povu gumu, na povu hilo lilipulizwa kwa gesi ya CFC-11, ambayo kilo moja ni sawa na 4,750 za hewa ukaa na inatafuna ozoni. Kwenye friji nyingi za enzi hizo, gesi iliyofungiwa ndani ya povu ni nyingi kuliko iliyokuwa kwenye paipu. Tunavuta gesi ya kompresa kwa uangalifu, tunajipongeza, halafu boksi linakwenda kwa wauza chuma chakavu, linapasuliwa kwa shoka na povu linachomwa. Mahali penye vinu maalumu, friji husagwa ndani ya chumba kilichofungwa na gesi kuvutwa. Pasipo na vinu hivyo, angalau boksi lisipasuliwe ovyo. Friji iliyokufa bado inaweza kutumika miaka mingi kama kabati au sanduku la kuhifadhia vitu vya baridi, na povu lake likabaki zima.

Na hii CFC-11 ina kisa kinachonipa moyo. Mwaka 2018 Stephen Montzka na wenzake, wanaopima hewa kutoka vituo vya mbali kabisa na miji, walitangaza kwamba gesi hiyo haipungui kwa kasi iliyotarajiwa. Kuna mtu alikuwa anaitengeneza tena wakati ilipigwa marufuku. Vipimo vya vituo vya Korea Kusini na Japani vikaonyesha sehemu kubwa inatoka mashariki mwa China, na chanzo kilichotajwa zaidi ni viwanda vya povu. Ukaguzi ukafanyika, na kufikia 2019 uzalishaji ulikuwa umeshuka tena. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nikiachia gesi juu ya paa hakuna anayejua. Kumbe kuna watu kazi yao ni kuonja hewa ya dunia nzima, na sehemu moja katika trilioni wanaiona.

Umeme nautaja kwa kifupi kwa kuwa wengi wameueleza. Duniani viyoyozi na feni hula karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wote, na idadi ya viyoyozi, iliyokuwa bilioni 1.6 mwaka 2018, inatazamiwa kufika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Koili iliyojaa vumbi huifanya kompresa ihangaike mchana kutwa. Ukuta wenye kivuli hupunguza kazi ya mashine kabla hujaiwasha. Safisha, tia kivuli, panda nyuzi mbili kwenye rimoti.

Ila friji moja lazima niisimulie. Miaka michache nyuma nilifunga jokofu la chanjo linaloendeshwa na jua moja kwa moja, halina betri hata moja. Nilipofungua boksi nikadhani wamesahau kuziweka. Betri ndizo huwa za kwanza kufa kwenye mifumo hii, na zikifa chanjo huharibika. Hili lina ukuta wa maji. Mchana paneli zinaendesha kompresa na kugandisha sehemu ya maji yale. Usiku paneli zimelala, barafu inayeyuka taratibu na kushika baridi. Kilichonishika zaidi ni ujanja wa maji yenyewe: maji huwa mazito kuliko hali nyingine zote yakiwa nyuzi 4. Kwa hiyo barafu inaelea juu, maji ya nyuzi 4 yanashuka chini na kuizunguka chanjo, ambayo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hakuna kompyuta inayoamua. Ndani yake mna isobutani gramu chache. Nilirudi kuliangalia baada ya siku tatu za mawingu, nikashika kipima joto kwa mkono nisiamini: 4.6.

Yule kijana nilimsomea hesabu ya daftari asubuhi iliyofuata, tukiwa tunapakia vifaa. Nilimwonyesha mwaka, nikamwonyesha 61, nikamwonyesha 110,410. Hakusema kitu. Mchana tulikuwa na kiyoyozi kingine cha kushusha, cha R-22, kimechakaa mpaka rangi. Aliunganisha mipira mwenyewe, akatoa hewa, hewa ya kweli, kwenye mipira, akawasha mashine ya kuvuta, akakaa kwenye ndoo akiangalia mizani. Sindano ya geji iliposhuka chini ya sifuri hakuondoa, alisubiri dakika tano kuona kama itapanda, maana gesi iliyojificha kwenye oili hutoka baadaye. Ikapanda. Akavuta tena.

Mizani ilisimama kwenye gramu 940. Daftari la sasa nimelichora safu mpya upande wa kulia, "iliyorudi". Nikampa kalamu. Akaandika tarehe, aina ya mashine, kisha kwenye safu ile: gesi, kilo 0.94. Mtungi tukaushusha kwanza, kabla ya spana.